Namba 94 na Ruta ya Faiba

Fundi amemaliza. Waya mwembamba mweupe wenye kichwa cha kijani umeingia kwenye kisanduku ukutani, kisanduku kimeunganishwa na ruta ambayo mwenye nyumba aliinunua Kariakoo mwaka juzi, na taa zote zinawaka inavyotakiwa. "Mama, hebu pima sasa," anasema huku akikunja ngazi. Kifurushi ni cha megabiti 500 kwa sekunde. Mshale kwenye simu unapanda, unayumba, unatua kwenye 94. Mama anarudia: 94. Anaisogelea ruta karibu aibusu: 94. Fundi anasema mtandao utatulia kesho, anapanda bodaboda na kwenda zake.

Hautatulia kesho wala keshokutwa. Namba 94, au 93, au 95, ni alama ya kidole, inamtaja mhusika. Kama faiba ingekuwa na hitilafu, kipimo kingepanda na kushuka. Kasi inayogota palepale kila mara inasema kwamba mahali fulani njiani kuna poti ya megabiti 100, na 94 ndicho kinachobaki baada ya kulipia ufungaji wa kila pakiti ya data na anwani zinazobandikwa juu yake. Vivyo hivyo poti ya gigabiti moja haileti 1000, huleta 940 hivi, na anayeiona 940 hana sababu ya kugombana na mtu.

Mara nyingine mhusika si ruta, ni kebo. Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa jozi jozi. Gigabiti inazitaka jozi zote nne. Megabiti 100 hutosheka na jozi mbili. Uzi mmoja ukikatika ndani ya kichwa cha plastiki, au panya akiutafuna nyuma ya kabati, mara nyingi vifaa vya pande mbili havigomi wala havitoi onyo. Vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100. Kwa hiyo kabla ya kukimbilia dukani, badilisha kebo kwanza na upime upya. Na unapoinunua, ziogope zile za bei ya kutupa ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Zinakatika upesi. Kwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu: shaba ya kweli ni nyekundu hadi ndani, ile ya kupakwa huonyesha weupe mara moja.

Ikiwa kebo ni nzima na kipimo bado ni 94, basi safari ya dukani imewadia.

Tatizo hili ni geni kwetu. Kabla ya mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS kutua mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, intaneti ya pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, na hakuna ruta iliyokuwa ya polepole kuliko laini yenyewe. Leo mambo yamegeuka. TTCL inaitangaza Faiba Mlangoni Kwako. Safaricom iliongeza kifurushi cha nyumbani cha gigabiti moja mwaka 2024. Kwingine wamekwenda mbali zaidi: Init7, kampuni ya Winterthur huko Uswisi, ilianza mwaka 2021 kuuza gigabiti 25 kwa wateja wa nyumbani kwa bei ileile ya gigabiti moja. Kompyuta nyingi za kawaida zina poti ya gigabiti moja. Mteja wa laini kama hiyo anaweza kuwa na bomba la maji la mji mzima na kikombe kimoja cha kuchotea.

Ndiyo maana swali la kwanza ni kujua ni nani nyumbani anayeihitaji kasi hiyo, na ameketi wapi. Swali la ruta ipi lililo bora linaweza kungoja.

Netflix inapendekeza megabiti 15 kwa sekunde kwa filamu ya 4K. Runinga nne zikionyesha 4K kwa wakati mmoja, jambo ambalo ni nadra hata kwenye nyumba yenye watoto watano, zinakula 60. Mkutano wa Zoom wenye picha safi hautumii hata 4. Familia ya namna hii ikilipia megabiti 500 inajinunulia fahari, na ruta yoyote nzuri ya kiasi itaifaa. Lakini mchukue mhariri wa video za harusi na send-off aliyefungua ofisi yake Sinza. Kazi ya siku moja, kamera tatu, ni gigabaiti 100 kwa urahisi. Kuipandisha kwa mteja au kwenye hifadhi ya mtandaoni kupitia ile poti ya 94 kunachukua saa 2 na dakika 22. Kwa 940 ni dakika 14. Kwake yeye tofauti ya ruta ni tofauti ya kulala au kukesha. (Na aulize mapema kasi ya kupandisha, kwa kuwa vifurushi vingine hutangaza ya kushusha tu. Akumbuke pia kwamba muuzaji anayesema "MB 500" kwa kawaida anamaanisha megabiti. Gigabaiti za faili ni mara nane ya gigabiti.)

Kisanduku cha mtoa huduma

Ule waya wenye kichwa cha kijani hauingii kwenye ruta utakayonunua. Unaingia kwenye kifaa ambacho mafundi hukiita ONT, kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Mara nyingi ONT na ruta huja zikiwa kitu kimoja chenye antena. Huawei EG8145V5 ni mfano unaoonekana kwenye nyumba nyingi. Kifaa hiki kimesajiliwa kwa namba yake kwenye mtambo wa kampuni, kwa hiyo huwezi kukitupa na kuchomeka chochote ulichokiokota sokoni. Kinabaki, na ruta yako inakaa nyuma yake.

Hapo kuna mambo mawili ya kumwuliza mtoa huduma, na ni vizuri kuyauliza kabla hujalipa. La kwanza: poti za ONT hiyo ni za kasi gani? Kama ni gigabiti moja, ruta yenye poti ya gigabiti 10 nyuma yake haitapata zaidi ya 940 milele. La pili: je, watakubali kuiweka ONT katika hali ya daraja, yaani iache kazi ya ruta na kupitisha data tu? Wasipokubali, utakuwa na ruta mbili zinazofanya kazi moja, kila moja ikitafsiri anwani kwa namna yake. Filamu na WhatsApp hazitajali. Michezo ya mtandaoni, kamera za ulinzi zinazotazamwa kutoka mbali na baadhi ya simu za ofisini zitalalamika. Katika hali hiyo njia nyepesi ni kuiacha ONT ndiyo iwe ruta, na kifaa kipya ukakiweka kitoe Wi-Fi tu.

Teknolojia ya laini nayo ina dari yake. Laini nyingi za nyumbani hutumia mfumo wa GPON, ambao hubeba gigabiti karibu 2.5 za kushusha na 1.25 za kupandisha, zinazogawanywa baina ya nyumba zilizo kwenye tawi moja, kwa kawaida 32 au 64. Mrithi wake, XGS-PON, hubeba takriban 10 kwenda na 10 kurudi. Ukiambiwa laini yako ni GPON, ruta ya gigabiti 10 ni pambo.

Namba za kwenye boksi

Boksi limeandikwa AC1200. Mnunuzi mwenye kifurushi cha 500 anaona 1200, anafanya hesabu yake, analipa. TP-Link Archer C50 inauzwa kwa jina hilo la AC1200, na poti zake zote ni za megabiti 100. Hakuna aliyedanganya. Ile 1200 ni jumla ya kasi za juu kabisa za redio zake mbili, 300 kwenye bendi ya gigahezi 2.4 na 867 kwenye bendi ya gigahezi 5, kisha ikakadiriwa kwenda juu. Simu hutumia redio moja kwa wakati mmoja, na data yote ya kutoka nje lazima ipite kwenye kitundu cha 100. Ndiyo ile 94 ya Mama.

Ruta za Wi-Fi 6 huandikwa AX3000: 574 kujumlisha 2402. Hiyo 2402 hupatikana kwa kifaa chenye antena mbili kwenye chaneli pana ya megahezi 160. Simu nyingi, iPhone kwa muda mrefu zikiwamo, hutumia chaneli ya 80, na kwao kasi ya redio ni 1201. Kisha toa foleni za hewani, vifaa vya majirani na ukuta. Mtu akipata theluthi mbili ya namba hiyo akiwa chumba kimoja na ruta, amepata vizuri. Kwa kifurushi cha megabiti 500, au hata cha gigabiti moja kinachotumiwa na simu na runinga, ruta ya AX3000 yenye poti za gigabiti ndiyo chaguo la busara siku hizi. Wi-Fi 7, iliyoanza kupewa vyeti Januari 2024, ni nzuri, ila haina cha kumpa mwenye simu ya Wi-Fi 5.

Ile chaneli pana nayo ina ujanja wake. Ili kupata megahezi 160 kwenye bendi ya 5, ruta huingia kwenye masafa yanayotumiwa pia na rada. Kisheria inapaswa kusikiliza kwanza, kwa dakika moja au zaidi, na ikisikia rada ihame. Anayekaa karibu na uwanja wa ndege na kuona Wi-Fi ikipotea bila sababu kisha ikarudi, aibadilishe kuwa 80 kabla ya kumlaumu mtu.

Kitu ambacho boksi halisemi kabisa ni nguvu ya prosesa. Ruta hufanya kazi ya karani wa posta: hufungua kila pakiti, husoma anwani, huandika nyingine, huipitisha. Kwenye gigabiti moja, pakiti zikiwa kubwa kabisa, anapokea takriban 81,000 kwa sekunde. Zikiwa ndogo kabisa zinafika 1,488,000. Kujaribu kasi kwa kipimio cha simu huleta pakiti kubwa, kwa hiyo karani dhaifu hufaulu mtihani. Michezo na simu za sauti huleta ndogo, na zikiwa nyingi ndipo anapotoa jasho.

MikroTik ya Latvia, ambayo mafundi wa mitandao wa Nairobi na Dar es Salaam wanaijua kama seremala anavyoijua randa, huchapisha jambo hili waziwazi. Kwenye ukurasa wa kila kifaa kuna jedwali la majaribio kwa pakiti za baiti 1518, 512 na 64. Usiangalie safu ya juu, ile ya njia ya mkato, kwa sababu hapo kifaa hakifanyi ulinzi wowote. Tafuta mstari wenye sheria 25 za ulinzi na pakiti za baiti 512. Namba ya hapo ikizidi kasi ya kifurushi chako, kifaa kinakutosha. Kama mtengenezaji mwingine hatoi jedwali la namna hiyo, uliza angalau kama ruta inapitisha data kwa sakiti maalumu badala ya prosesa, na kama sakiti hiyo inaendelea kufanya kazi pale laini inapotumia PPPoE, ile njia ya kuingia kwa jina la mtumiaji na nenosiri. Ruta kadhaa za bei nafuu zinazofika 940 bila PPPoE huanguka vibaya mara inapowashwa.

Sakiti hiyo hiyo huzimika ukiwasha udhibiti wa foleni. Foleni ni tatizo linalostahili kueleweka. Mhariri wetu wa Sinza anapandisha harusi yake. Chumba cha pili mkewe yuko kwenye mkutano wa video, sauti inakatikakatika. Kasi ipo, lakini pakiti za mkutano zimekwama nyuma ya mlolongo wa pakiti za harusi, mfano wa bajaji nyuma ya malori ya kokoto. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha mbinu ya CoDel ya kuzuia foleni isirefuke, na warithi wake, fq_codel na CAKE, wamo ndani ya OpenWrt, programu huria ya ruta iliyozaliwa kutokana na ruta ya zamani ya Linksys WRT54G. Kuipima foleni ni rahisi: acha faili kubwa ipande, na wakati huo pima mwitikio. Ukiruka kutoka milisekunde 8 hadi 300, unahitaji dawa hiyo. Ila kwenye laini ya gigabiti CAKE inadai prosesa yenye misuli, na wengi wanaoitaka huishia kwenye kompyuta ndogo yenye prosesa ya Intel N100 na poti nne za gigabiti 2.5, wakaiwekea OpenWrt au OPNsense. Ni kifaa cha kupendeza kwa anayependa kuchokonoa. Kwa asiyependa, ni mgonjwa wa kudumu ndani ya nyumba. Kwa haki kabisa, laini ya gigabiti ambayo haijazwi hata mara moja kwa juma haihitaji dawa.

Ukuta wa matumbawe

Nyumba ya Mji Mkongwe Zanzibar, au Lamu, ina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zenye unene unaofika nusu mita. Ruta ya bei ya pikipiki ikiwekwa sebuleni haitafika chumba cha tatu. Nyumba za tofali za saruji za Mbezi au Nyali zina nafuu kidogo, mpaka uifikie slabu yenye nondo. Ghorofani ni nchi nyingine. Tangi la maji, kioo kikubwa cha kabati, mlango wa chuma, vyote hula mawimbi. Gigahezi 5 huchoka upesi, gigahezi 6 upesi zaidi, na gigahezi 2.4 inapita lakini ni ya polepole na imejaa majirani.

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Watu huongeza antena: ruta ya antena nne inaonekana dhaifu, wanachukua ya nane iliyofanana na buibui aliyelala chali. Nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria, na hata isingekuwa nacho, simu iliyo chumbani haina antena nane za kujibu. Mazungumzo ni ya pande mbili. Ruta mbili za kawaida zilizounganishwa kwa kebo huishinda ruta moja ya kifahari katika nyumba yoyote yenye kuta za kweli, na mara nyingi kwa bei ndogo.

Kebo ndiyo neno kuu hapo. Repita ya kuchomeka ukutani husikiliza na kurudia kwa redio ileile, kwa hiyo hugawanya kasi nusu kwa nusu. Mifumo ya meshi iliyo bora ina redio ya ziada ya kuongea yenyewe kwa yenyewe, ila nayo hupita kwenye ukuta uleule. Vuta kebo. Kama nyumba bado inajengwa, mwambie fundi umeme alaze mabomba ya plastiki matupu kutoka sebuleni hadi kila ghorofa kabla ya plasta. Ni gharama ndogo kuliko mifuko kadhaa ya saruji. Kebo ya Cat5e nzuri hubeba gigabiti 2.5 hadi mita 100, Cat6 hubeba 10 kwa mita 55 hivi, na Cat6A hufika mita 100. Kama kebo inavuka uwanja kwenda nyumba ya wageni, vuta faiba badala ya shaba: kioo hakibebi radi.

Na umzuie fundi wa faiba asiweke kisanduku pale palipo rahisi kwake, yaani nyuma ya runinga karibu na dirisha la barabarani. Nusu ya mawimbi yako yatakuwa yakihudumia wapita njia. Mkaribishe chai, mwonyeshe katikati ya nyumba.

Anayevuka gigabiti moja anaingia kwenye mitego mingine. Ruta huandikwa "2.5G" kwa sababu poti yake moja, ile ya kupokelea, ni ya 2.5, zilizobaki ni za 1. Laini ya gigabiti 2 ikiingia humo, hakuna kompyuta moja ya kebo itakayoona zaidi ya 940. Hesabu poti zote mbili, ya kuingilia na ya kutokea. MikroTik RB5009, kwa mfano, ina poti saba za gigabiti 1, moja ya 2.5 na tundu moja la moduli, SFP+, la 10: laini inaingia kupitia moja ya hizo mbili za kasi, kompyuta ya kazi inachukua nyingine, na Wi-Fi haimo, inanunuliwa kando. Ukitumia moduli za shaba za gigabiti 10 kwenye tundu la SFP+, zipe hewa. Zinachemka hadi kuunguza kidole hata Ulaya. Kwenye kabati la Dar es Salaam mwezi Februari zinahitaji huruma.

Umeme ukikatika

Herufi P kwenye GPON ina maana kwamba kati ya mtambo wa kampuni na nyumba yako hakuna kifaa kinachohitaji umeme. Vigawanyio vya mwanga ni vioo tu. Mtaa mzima ukiwa gizani, mwanga bado unafika kwenye waya wako mradi mtambo una betri au jenereta. Kinachokatika ni ONT na ruta yako.

Kwa hiyo soma maandishi madogo kwenye adapta kabla ya kununua. Ruta nyingi za kiasi hutumia volti 12 na ampea 1 au 1.5. Zile za Wi-Fi 7 mara nyingi hudai ampea 3 na kuendelea, na UPS ndogo nyingi, zile betri za akiba, zinazouzwa madukani hutoa 2 kwa shida. Ruta ikibanwa namna hiyo haizimiki tu. Hujiwasha na kuzima ovyo, na mwenye nyumba akaamini faiba ndiyo mbovu. Piga hesabu: UPS ndogo iliyoandikwa mAh 8,800 ina seli za volti 3.7, yaani wati-saa 32.5 hivi. ONT ikila wati 5 na ruta 10, ni saa 2 kwenye karatasi, pungufu ya hapo kwenye maisha. Ruta ya kifahari inayokula 25 inaikausha kwa saa moja.

Kuhusu usalama, mambo ni machache lakini hayana mjadala. Mwaka 2016 kirusi cha Mirai kiliteka kamera na ruta kwa kujaribu tu orodha ya majina na manenosiri ya kiwandani yasiyozidi sitini na kitu, kisha tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vikatumiwa kuiangusha kampuni ya Dyn, na tovuti kubwa za Marekani zikapotea kwa saa kadhaa. Mei 2018 kirusi cha VPNFilter kilikutwa kwenye vifaa vipatavyo 500,000 katika nchi zisizopungua 54. Uingereza ilipiga marufuku manenosiri ya kiwandani yanayofanana kuanzia 29 Aprili 2024. Dukani, uliza mtengenezaji ataendelea kutoa masasisho mpaka mwaka gani, na ukiona toleo la mwisho la programu yake ni la miaka mitatu nyuma, rudisha boksi rafuni hata kama bei inavutia. Angalia pia kama kifaa kimeidhinishwa na TCRA ukiwa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ukiwa Kenya. Ukifika nyumbani, badilisha nenosiri la msimamizi, chagua ulinzi wa WPA3 kama vifaa vyako vinaukubali, zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe.

Kuna siku ruta haihusiki kabisa. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi watu walikaa wakiwasha na kuzima vifaa vyao bure. Hata siku za kawaida, kipimio hupenda kukupima na seva iliyo mjini kwako. Ukitaka ukweli, chagua mwenyewe seva ya London au Frankfurt, kisha ulinganishe. Tofauti hiyo haiuzwi dukani.

Basi Mama wa 94 afanye nini? Kifurushi chake ni 500, nyumba ni ya chini na juu, kuna mtoto mmoja anayesoma chuo na kucheza michezo usiku. Ruta ya AX3000 yenye poti za gigabiti, prosesa ya kiasi na adapta ya ampea 1.5, inawekwa katikati ya nyumba, chini ya ngazi. Kebo moja ya Cat6 inapanda hadi koridoni juu. Huko haihitajiki kununua kitu kingine: ile ruta ya zamani ya Kariakoo inazimwa ugawaji wa anwani, yaani DHCP, inapewa anwani isiyogongana na ya ruta mpya, jina na nenosiri la Wi-Fi linafanywa sawa na la chini, na kebo inachomekwa kwenye poti yake ya kawaida, si ile ya rangi tofauti. Inaning'inizwa kwa misumari miwili. Mtoto anayecheza michezo avutiwe kebo yake hadi ruta mpya. Kule juu kipimo kitaendelea kusoma 94, na runinga ya chumbani inahitaji 15.